Zamu Haikufa, Kwa Hiyo Haijafufuka

Usiku wa tarehe 11 Desemba 2025, mjini Los Angeles, gemu ya Kifaransa iitwayo Clair Obscur: Expedition 33 ilitangazwa kuwa gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Iliondoka na tuzo 9, idadi ambayo hakuna gemu iliyowahi kuifikia katika hafla hiyo. Huku kwetu kulikuwa kunapambazuka, na kabla watu hawajanywa chai makundi ya WhatsApp ya wapenda gemu na anime yalikuwa yameshatoa hukumu: mapigano ya zamu yamefufuka, na walioyafufua ni Wafaransa, maana Wajapani wenyewe walikuwa wameshayazika. Hukumu hiyo ninaisoma mpaka leo, katika Kiswahili na Kiingereza, kwa watu ninaoheshimu maoni yao kuhusu mambo mengine.

Ina makosa mawili, na la kwanza linalificha la pili. Zamu haikufa. Nyumba moja kubwa, ile ya mfululizo wa gemu za Kijapani uitwao Final Fantasy, iliihama, na kwa kuwa wageni wengi walikuwa wakiichungulia Japani ya gemu kupitia dirisha la nyumba hiyo moja, dirisha lilipofungwa wakadhani mtaa mzima umelala. Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni imani kwamba zamu ilikuwa kasoro ya mashine dhaifu, kitu cha kuvumiliwa mpaka teknolojia ikue. Mimi naiona zamu kuwa namna ya kusimulia, kama ushairi wa vina na mizani ulivyo namna ya kusema. Mtu ana haki ya kuacha vina akaandika masivina, na wako walioandika masivina mazuri sana, lakini asije akatuambia kwamba babu zetu walitia vina kwa sababu karatasi ilikuwa ghali.

Kwa asiyezizoea, gemu za RPG za Kijapani, JRPG kwa kifupi, ni zile ambazo unaongoza kundi la watu watatu au wanne katika safari ndefu, kila mmoja na kazi yake, na kila pambano linawaongezea uzoefu na nguvu. Katika mfumo wa zamu, adui akitokea, kila kitu kinasimama. Unapewa orodha ya amri: shambulia, tumia uchawi, jikinge, tumia dawa, kimbia. Unachagua, mtu wako anatenda, kisha adui naye anatenda. Ukitaka kwenda kuchemsha chai katikati ya vita, nenda, joka litakungoja. Mfumo wa pili ni wa papo kwa papo: unabofya, upanga unashuka, ukizubaa umekufa. Anayedhani kwamba wa kwanza ni wa pili uliopooza akae barazani jioni moja atazame bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili wamekaa na wengine kumi wamesimama nyuma yao wakibishana. Mchezaji akishika kete mkononi na kunyamaza, hakuna hata mmoja pale anayelalamika kwamba mchezo umesimama.

Hoja ya mashine dhaifu ndiyo inayorudiwa zaidi, basi tuanze nayo. Inakwenda hivi: Dragon Quest ilipotoka tarehe 27 Mei 1986 kwenye Famicom, mashine ile haikuwa na uwezo wa kuonyesha pambano lenye uhai, ndiyo maana mbunifu wake Yuji Horii akaweka orodha ya amri na picha ya adui iliyoganda kama ya kitambulisho. Mashine zilipopata nguvu, sababu ikaisha. Inaingia akilini mpaka ukumbuke kwamba Famicom hiyohiyo, miezi minane kabla, ilikuwa imeipokea Super Mario Bros., ambamo mtu anakimbia, anaruka na kukanyaga maadui bila kumsubiri yeyote. Na kama ni upanga, ulikuwepo pia: The Legend of Zelda ilitoka Februari 1986 kwenye Famicom iliyoongezewa kisoma diski, na ndani yake kijana anakata maadui papo kwa papo. Horii aliyaona haya yote. Alichagua zamu huku njia nyingine ikiwa wazi mbele yake, na sababu za kuchagua kwake zinajulikana. Alikuwa amependa Wizardry na Ultima, gemu mbili za Kimarekani za mwaka 1981, ambazo nazo zilitokana na Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa mezani wa karatasi, kalamu na dadu. Mezani watu hupokezana kwa sababu hawawezi kusema wote kwa wakati mmoja. Huko ndiko zamu ilikotoka. Ilizaliwa na adabu ya watu kukaa pamoja kabla kompyuta haijaingia sebuleni.

Sababu ya pili ilikuwa ya kibinadamu zaidi. Horii alikuwa mwandishi katika Weekly Shonen Jump, jarida lilelile la manga ambamo Akira Toriyama alikuwa akichora Dragon Ball, na Toriyama ndiye aliyechora maadui wa Dragon Quest. Wasomaji wa jarida hilo walikuwa watoto wa kawaida ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Alitaka gemu ambayo mtoto mwenye vidole vizito angeweza kuimaliza sawa na yule mwepesi: ukishindwa leo, zunguka porini, pigana na vinyama vidogo, panda ngazi, rudi kesho. Mwaka 1988 Dragon Quest III ilipotoka, foleni zilijaa mpaka watoto wakatoroka shule. (Ile hekaya ya kwamba serikali ya Japani ikapitisha sheria ya kuzuia gemu hizo kuuzwa siku za kazi ni uzushi, ingawa imetembea dunia nzima.) Ukiitazama historia hiyo, kuiita zamu ulemavu wa mashine ni kuwanyima waliounda jambo hili sifa ya kuwa walijua wanachofanya.

Sasa tuje kwa nyumba iliyohama, kwa sababu kesi yake si ya kupuuzwa. Final Fantasy ilianza Desemba 1987 ikiwa ya zamu. Ya nne, mwaka 1991, ikaleta mfumo wa Hiroyuki Ito ambao kila mhusika ana kipimo cha muda kinachojaa, hivyo zamu ikaanza kuwa na haraka ndani yake. Ya kumi, mwaka 2001, ikarudi kwenye zamu kamili, na ndiyo ya mwisho kufanya hivyo katika mfululizo mkuu. Zilizofuata zikazidi kusogea, mpaka ya 16, Juni 2023, ikawa ya papo kwa papo kabisa. Mtayarishaji wake, Naoki Yoshida, ameeleza mara kadhaa kwamba vijana waliokulia gemu ambazo ukibofya mhusika anaitika hapohapo hawaoni maana ya kuchagua amri kwenye orodha. Nyuma ya maelezo hayo kuna jambo la pesa: gemu inayotengenezwa kwa miaka mingi na mamia ya watu lazima iuzwe kwa watu wengi mno, na huwezi kuijenga juu ya ladha ya wazee wa miaka 40. Kuna pia hoja ya macho, nayo naikubali bila shida. Kadiri nyuso zinavyofanana na za watu halisi, ndivyo inavyokuwa kichekesho kuwaona wamejipanga mstari, mmoja anapiga, mwenzake anangoja kupigwa kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Kikaragosi cha nukta 16 kinasamehewa jambo ambalo uso wenye vinyweleo hausamehewi.

Lakini hoja hiyo ikikubaliwa yote, inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba gemu ya aina fulani, ya gharama fulani, yenye picha za aina fulani, ina sababu za kuacha zamu. Haisemi lolote juu ya mtaa uliobaki. Na mtaa ulikuwa na kelele. Persona 5 ya mwaka 2016 ilifanya orodha ya amri kuwa kitu cha kupendeza kukitazama, kila kitufe kikiwa na amri yake na rangi zikiruka kama bango la tamasha. Dragon Quest XI ilifuata mwaka 2017, na mwaka 2024 Metaphor: ReFantazio, gemu ya zamu kuhusu kugombea ufalme kwa kura, iliuza nakala milioni moja siku ya kwanza. Kisha kuna Pokémon, ambayo watu huisahau kila mjadala huu unapozuka kwa sababu wameshaiweka kwenye kabati la watoto. Kuanzia Februari 1996 mfululizo wake mkuu umekuwa wa zamu, na Novemba 2022 Scarlet na Violet ziliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Ukisema zamu ilikufa, unasema mfu huyo aliuza nakala milioni 10 kwa siku tatu akiwa kaburini. Na kichekesho chenyewe hiki hapa: Oktoba 2025, miezi miwili kabla ya Wafaransa kutawazwa, Pokémon Legends: Z-A ilitoka ikiwa na mapigano ya papo kwa papo. Mwaka tunaoambiwa ni wa ufufuo wa zamu ndio mwaka ambao jina kubwa kuliko yote katika zamu lilijaribu kutembea nje yake. Watunzi wanachagua chombo kwa kila kazi, kama fundi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule ambao hautajwi. Mfululizo wa Yakuza ulikuwa wa ngumi na mateke ya papo kwa papo tangu mwaka 2005. Tarehe mosi Aprili 2019 watengenezaji walitoa video ya utani, siku ya wajinga, ikionyesha pambano la mtaani la zamu. Watu wakacheka. Januari 2020 Yakuza: Like a Dragon ikatoka, na ilikuwa ya zamu kweli. Shujaa wake, Ichiban Kasuga, ametoka jela baada ya miaka 18 na kukuta kundi alilofungwa kwa ajili yake halimtaki tena. Hana nyumba, hana kazi, anaokotwa na mtu anayelala chini ya hema, na kundi lake linakuwa la askari aliyefukuzwa, muuguzi aliyepoteza leseni, na mwanamke wa baa. Kasuga alikulia Dragon Quest; anaitaja kwa jina. Kwa hiyo kila ugomvi unapozuka mtaani, yeye anauona kama pambano la Dragon Quest: walevi wanageuka majini, mwavuli unakuwa silaha, na watu wanapokezana. Zamu pale ni jicho la mtu aliyeshindwa na dunia halafu akaamua kuitazama dunia hiyohiyo kama safari ya shujaa. Ukiiondoa ukaweka ngumi za papo kwa papo, umemwondoa Kasuga. Sijui ni uthibitisho gani mwingine unaohitajika kwamba zamu inaweza kubeba maana.

Wapenzi wa anime hasa ndio wanaonishangaza wanaposema kwamba zamu si halisi, mtu hawezi kusimama akisubiri kupigwa. Hawa ndio wale waliokaa vipindi kadhaa wakitazama Frieza, adui wa Dragon Ball, akisema sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano, na dakika hizo tano zikachukua wiki. Hakuna aliyeshika saa. Katika anime ya vita, mtu akitaka kupiga hutaja jina la pigo lake, wakati unasimama, tunasikia mawazo yake, tunarudishwa utotoni mwake, kisha ngumi inafika, na sasa ni zamu ya mpinzani kueleza kwa nini haikumwua. Hiyo ni zamu kamili, tofauti ni kwamba orodha ya amri imefichwa. Hata Frieren, anime iliyoanza Septemba 2023 na ambayo inasifiwa kwa utulivu wake, inasimama juu ya msingi uleule: shujaa, kasisi, mpiganaji na mchawi wamerudi nyumbani baada ya kumshinda mfalme wa mashetani, na hadithi inaanza pale gemu ingeishia. Kama mtazamaji hajui kwa moyo lile kundi la watu wanne wa Dragon Quest, kifo cha Himmel, yule shujaa, kwa uzee katika kipindi cha kwanza kinapoteza nusu ya uzito wake.

Kuna upande wa pili wa ushabiki, wale wanaosema Final Fantasy imeyumba kwa sababu iliacha zamu, na sasa imeadhibiwa. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inauma kwa kuwa inasemwa na watu wa upande wangu. Final Fantasy XVI iliuza nakala milioni 3 katika wiki ya kwanza. Kilichoibana kilikuwa dhahiri zaidi kuliko falsafa ya mapigano: ilifungiwa kwenye PlayStation 5 peke yake, na Final Fantasy VII Rebirth ya Februari 2024 ikafungiwa hivyohivyo. Mei 2024 Square Enix, kampuni yenye Final Fantasy, yenyewe ilitangaza kwamba inabadili mkakati na kupeleka gemu zake kubwa kwenye mashine mbalimbali. Halafu Rebirth, ambayo inachanganya upanga wa papo kwa papo na amri zinazopunguza mwendo wa wakati, ni gemu nzuri sana. Mtu asiyeifurahia kwa sababu haina zamu safi ana tatizo na mwenendo wa wakati wenyewe. Na tukubali pia kwamba zamu ikifanywa kivivu ni mateso. Nimeziacha gemu kadhaa njiani kwa sababu kila hatua tatu unavamiwa na adui asiyeonekana, unabofya shambulia, shambulia, dawa, shambulia, bila uamuzi wowote wa maana. Hiyo ni kuhesabu magunia. Ila kosa lile ni la uvamizi wa bahati nasibu na maadui wasiofikirisha. Chrono Trigger ya mwaka 1995 iliwaweka maadui waonekane ramanini, na Metaphor inakuruhusu kuwafyeka wadogo papo hapo na kubakiza zamu kwa wanaostahili. Tiba ilipatikana ndani ya mtaa, zamani.

Hapo ndipo tunaifikia Clair Obscur yenyewe, na hapa nitatofautiana na wengi wanaoipenda, ingawa nami ninaipenda. Sifa inayotajwa kwanza ni kwamba Wafaransa "wameitibu" zamu kwa kuongeza kubofya kwa wakati: adui anapokushambulia, ukibofya kwa usahihi unakwepa au unapangua pigo, na ukipangua vizuri unamrudishia. Kwanza, si jambo jipya. Super Mario RPG ya mwaka 1996, kazi ya Square kwa ajili ya Nintendo, ilikuwa na kubofya kwa wakati ndani ya zamu, na The Legend of Dragoon ya mwaka 1999 ikafanya hivyo kwa ukali zaidi. Pili, nadhani hapo ndipo gemu hiyo ilipo dhaifu. Mchezaji akishakuwa hodari wa kupangua, maamuzi yake kwenye orodha yanapungua uzito: kwa nini nihangaike na kinga, dawa na mpangilio wa kundi ikiwa vidole vyangu vinaweza kufuta kila pigo? Yule mtoto wa Horii mwenye vidole vizito anarudi nje ya mlango. Kuna kiwango chepesi cha ugumu kwa ajili yake, sawa, lakini ni tofauti na gemu iliyomfikiria tangu msingi.

Kilichoifanya Clair Obscur kuwa kubwa kiko kwingine. Kila mwaka, juu ya mnara ng'ambo ya bahari, Mchoraji anafuta namba na kuandika nyingine pungufu kwa moja, na kila mwenye umri uliofikia namba hiyo anageuka vumbi na petali za maua katika mitaa ya mji wa Lumière. Waliobakiwa na mwaka mmoja wanafunga safari kwenda kumzuia. Namba ni 33. Hadithi nzima ni ya watu wanaohesabu, na kila tendo linakatwa kutoka katika akiba inayoonekana. Katika gemu ya namna hiyo, kusimama na kuchagua kitendo kimoja kati ya vitano, ukijua kwamba ukishakichagua zamu yako imekwisha, kunafanya kazi ambayo kukata panga ovyo kusingeweza kuifanya. Hicho ndicho ambacho Guillaume Broche na wenzake wa Sandfall Interactive, pale Montpellier, walikielewa. Walikielewa pia kiasi cha mfuko wao. Timu ya ndani ilikuwa ya watu wapatao 30, wakisaidiwa na wengine wa nje wakiwemo wahuishaji wa Korea Kusini (ile sifa ya "watu 30 tu" imetiwa chumvi), na gemu ikauzwa dola 50 wakati wakubwa wanadai 70. Milioni moja ziliuzwa ndani ya siku tatu. Mtendaji wa kampuni kubwa anayesoma habari hiyo na kuhitimisha kwamba anahitaji zamu na kupangua, kisha akaagiza gemu ya watu 600 yenye vitu hivyo viwili, atakuwa ameokota ganda.

Linabaki suala la nani mwenye mali. Je, gemu ya Kifaransa ni JRPG? Wako wanaoona ni wizi, na wako wanaoona ni ushahidi kwamba Wajapani wamepitwa. Wote wawili wanadhani mali hii ilichipuka Japani peke yake. Tumeshaona kwamba Horii alichota Wizardry na Ultima kutoka Marekani. Kabla yake, mwaka 1984, mojawapo ya RPG za kwanza kupendwa Japani, The Black Onyx, ilitengenezwa na Henk Rogers, mzaliwa wa Uholanzi. Programu ya Final Fantasy ya kwanza, ya pili na ya tatu iliandikwa na Nasir Gebelli, Mmarekani mzaliwa wa Iran. Yoshida mwaka 2023 alisema kwamba jina JRPG lilipoanza kutumika nje, baadhi ya watunzi wa Kijapani walilisikia kama dharau, kana kwamba wametengwa kwenye chumba chao. Wao walikuwa wanaandika RPG tu. Na Wafaransa nao hawakudondoka kutoka mbinguni. Roboti Goldorak, wa katuni ya Kijapani, alionyeshwa kwenye televisheni yao mwaka 1978, kisha kipindi cha Club Dorothée, kuanzia 1987 hadi 1997, kikawajaza watoto katuni za Kijapani kila wiki. Taifa lililolelewa hivyo likitoa JRPG, ni sawa na mtoto wa Kimakonde aliyekulia Tanga akaimba taarabu. Unaweza kubishana kama ameimba vizuri, lakini huwezi kumwuliza ameipata wapi.

Nasi tunaoandika haya kwa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuijali zamu, ambayo haipo kwenye magazeti ya Los Angeles. Mara ya kwanza kucheza Final Fantasy X ilikuwa kwenye PlayStation 2 ya mkononi mwa tatu, na nilikuwa mbele ya Yunalesca, bosi ambaye kabla yake kuna maongezi marefu yasiyorukika, umeme ulipokatika. Nilirudia maongezi yale mara nne kabla ya kumwangusha, na mpaka leo naweza kuyasema kwa Kiingereza ambacho sehemu kubwa nilijifunzia humo, nikiwa na kamusi pajani. Gemu ya papo kwa papo isingenipa nafasi ya kufungua kamusi. Ndugu zangu wadogo leo wanazicheza gemu za PSP kwenye simu zenye kioo kilichopasuka, vidole vikiteleza, na zamu inawavumilia kwa namna ambayo upanga wa papo kwa papo hauwezi. Gemu inayokungoja inafika kwa watu wengi kuliko inayokuhimiza, na hao hawaingii kwenye hesabu ya mtayarishaji anaposema vijana hawaitaki zamu. Vijana wa wapi?

Jaribio la kweli la haya yote halijafika. Tarehe 27 Mei 2021, miaka 35 kamili tangu ile ya kwanza, Horii alitangaza Dragon Quest XII na kusema mfumo wake wa amri utabadilishwa. Miezi minne baadaye mtunzi wa muziki wa mfululizo huo, Koichi Sugiyama, akafariki. Machi 2024 akafuata Toriyama. Kati ya wale watatu waliokaa pamoja mwaka 1986 amebaki Horii, mwenye umri unaozidi miaka 70, akiwa na gemu mkononi ambayo kila mtu sasa atataka kuisoma kama jibu kwa Wafaransa, ingawa aliitangaza karibu miaka minne kabla Clair Obscur haijatoka. Mimi sina ugomvi na mabadiliko. Ayafanye maadui waonekane, aharakishe mapigano, aondoe zamu akiona hadithi yake inadai hivyo. Nitakachokitazama siku ya kwanza, nikishafika kwenye pambano la kwanza, ni kama nikiweka kidhibiti chini na kwenda jikoni, yule joka atakuwa bado ananingoja.